Hakuna Ndama Aliyenyimwa

Kibao cha kibanda changu nilikiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa rangi iliyobaki baada ya mume wangu kupaka mlango: BARAFU YA KARANGA NA NDIZI. HAKUNA NDAMA ALIYENYIMWA. Tangu nilipokipigilia misumari, hapa Bisibo sijapata amani, na wala sikuitafuta.

Wa kwanza kunijia alikuwa jirani yangu wa upande wa juu, mama mwenye watoto wengi na sauti ya kusikika mpaka barabarani. Alisimama akakisoma kibao, akarudia kukisoma, kisha akaniuliza, "Dada, kwani siku hizi ndama wanakula barafu?"

"Hawali," nikamwambia. "Wanakula maziwa. Ndiyo maana siyaweki kwenye barafu yangu."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Lakini watoto wake walikuwa wameshafika, na mtoto akishalamba hana habari na mjadala wa wakubwa. Kesho yake walirudi, naye akaja nyuma yao akijifanya anawafukuza, akaondoka na kikombe chake mwenyewe amekifunika kwa upande wa kanga. Mwingine aliniuliza nimehamia dhehebu gani. Mzee mmoja mwenye ng'ombe, ambaye kila nikimpa shikamoo huitikia marahaba ndefu kana kwamba anaubariki ukoo mzima, siku hiyo aliitikia kwa kifupi, akasema, "Mwanangu, ng'ombe wametulea. Usiwaseme vibaya." Nikamjibu kwamba sijamsema ng'ombe vibaya hata neno moja, ninayemsema ni anayemfunga kamba mtoto wake. Akaondoka akitikisa kichwa. Mume wangu alinishauri niufute ule mstari wa pili, nibaki na karanga na ndizi tu, watu wanunue kwa amani. Mimi nikachukua brashi, nikauongezea rangi.

Naomba nieleweke. Siingii kwenye mazizi ya watu kufungua kamba. Najua nyumba ambazo bila dumu la maziwa asubuhi hazipati chumvi wala sare ya shule, na mama wa nyumba hizo sina ubavu wa kumhubiria, maana nikimhubiria atanihubiria na yeye, na ya kwake yatakuwa mazito. Vita yangu ni ndogo, ni vita ya utamu. Mtoto akitaka kitu kitamu Jumapili baada ya misa, sioni kwa nini apewe kwa kumnyang'anya mtoto mwingine, hata kama huyo mwingine ana miguu minne na hajui kusema. Utamu tumejaliwa shambani kwetu, tunaukanyaga.

Na si kazi ngumu. Karanga nazichambua, naziloweka, nazisaga, nazichemsha kwa maji, nakamua kwa kitambaa safi mpaka nipate uji mweupe mwepesi. Naponda ndizi za kisukari zilizoiva mpaka ganda limeanza kuwa jeusi, zile ambazo wenye haraka huzitupa. Natia chumvi kidogo, na iliki nikiwa nayo. Namimina kwenye vikombe vidogo, nachomeka vijiti, friji inamalizia. Umeme ukikatika nawaita watoto wote wa jirani wazinywe kabla hazijachacha, na hizo ndizo siku zangu za matangazo. Nimepata wateja wengi kwa umeme kukatika kuliko kwa kibao.

Wanaoniuliza nilipoutoa ubishi huu huwa wanadhani nimeusikia redioni, au kwa wageni fulani waliopita na gari. Niliutoa Kibimba, kwetu Ngara, kwa ndama wa majani.

Baba yangu alikuwa na migomba mingi na ng'ombe mmoja. Mwaka mmoja ng'ombe huyo alizaa, na ndama akafa kabla hajajua vizuri kusimama. Ng'ombe asipomwona mtoto wake huweza kuyazuia maziwa. Utavuta chuchu mpaka vidole vife ganzi na ndoo ibaki kavu. Wafugaji wa zamani walikuwa na njia yao, na baba aliijua. Alimchuna ndama, akaianika ngozi, akaijaza majani makavu ya migomba, akaishona tumboni, akaipaka maji ya chumvi mgongoni. Kazi ya kuishikilia mbele ya mama yake wakati wa kukamua nilipewa mimi, kwa sababu kaka zangu walisema inanuka.

Ng'ombe alikuja mbio. Hilo ndilo ambalo mpaka leo linanipandisha hasira, kwamba alikuja mbio. Alimnusa mtoto wake wa majani, akamlamba shingo, akamlamba mgongo, akatoa ile sauti ya chini ambayo ng'ombe humtolea mtoto wake peke yake, na huku nyuma maziwa yakawa yanagonga ndoo. Ikawa hivyo kila asubuhi na kila jioni. Alilamba mpaka manyoya yakaisha mgongoni na majani yakaanza kuchungulia kwenye mshono, na hata hapo hakuacha kulamba. Uso wake ulikuwa karibu na uso wangu. Nilimtazama macho, nikamtazama baba aliyechuchumaa anakamua huku anapiga mluzi, na nikamkasirikia baba yangu kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote.

Jioni moja niliwekewa kikombe changu mezani, nikakisukuma. Baba akauliza, "Unaumwa?" Nikasema siumwi. "Basi kunywa." Nikasema, "Hayo si yangu." Nilichapwa, maana kwetu maziwa ni baraka, na mtoto anayekataa baraka mbele ya baba yake amemtukana baba na Mungu aliyeitoa. Kesho yake nikakisukuma tena. Nyumba nzima ikaanza kuniita Mkataa Baraka, nikaliitikia jina hilo kwa sauti kubwa mpaka wao wenyewe wakalichoka, isipokuwa baba. Sijayaonja maziwa tena, na wanaosema mtu hawezi kukua bila maziwa waende wamwulize bodaboda anayenibeba kama nilikua au sikukua.

Nikaolewa Biharamulo, na Mungu, ambaye naye ana utani wake, akanipa mama mkwe mwenye ng'ombe.

Mama mkwe wangu anaishi Nyabusozi. Alizaliwa kwenye nyumba ya wafugaji na akaletwa kwenye nyumba ya wakulima, na hajawahi kuwasamehe kabisa wakulima. Kiswahili chake ni cha sokoni. R na l hubadilishana viti mdomoni mwake, jambo ambalo hata mimi hunitokea nikikasirika. Kwake maziwa hayanywewi ukiwa umesimama. Chombo cha maziwa hakioshwi pamoja na vyombo vingine. Mboga za nyumbani kwake haziungwi karanga hata siku ya sikukuu, ingawa karanga zinalimwa mlango wa pili. Hilo la karanga nilidhani ni la meno, kwa sababu mbele hana tena jino, na kwa heshima sikuwahi kuuliza. Mimi na yeye tumegombana kuhusu mengi, na tunapendana kwa namna ya watu ambao kila mmoja anajua kwamba mwenzake hatasalimu amri.

Binti yetu alipofikia komunyo ya kwanza, ilikubaliwa kwamba sherehe ifanyike Nyabusozi, kwa bibi yake, kwenye uwanja mkubwa. Wazazi wangu wangekuja kutoka Ngara. Na ng'ombe wa mama mkwe alikuwa amezaa karibuni, ndama dume.

Nilikwenda kabla ya sherehe kuangalia masufuria na viti. Kabla sijafika uani nilimsikia ng'ombe zizini akiita, na nyuma ya jiko sauti nyembamba ikimwitikia. Nikazunguka. Ndama alikuwa amefungwa kwa kamba fupi kwenye mti wa mpapai, mbavu zikionekana, akinyonya fundo la kamba yenyewe. Mama alikuwa amekaa hapo karibu anapepeta maharage.

"Shikamoo mama."

"Malahaba, mwanangu. Umefika salama?"

"Nimefika salama, mama. Huyu amefanya kosa gani?"

Hakuinua macho. "Ni dume. Anamaliza maziwa ya wageni."

"Ni ya kwake, mama."

"Ng'ombe ni wangu."

"Ng'ombe ni wako. Maziwa ni ya huyu."

Hapo akaweka ungo chini. Aliniuliza inakuwaje watu wanatoka mpaka Ngara, wazazi wangu mimi mwenyewe, wanakaa uani kwake, wanakula, halafu wanaondoka bila kupewa maziwa? "Wataondoka bila balaka! Watasema bibi amezeeka, nyumba imekauka, hata kikombe cha maziwa hakuna. Utafulahi?" Sauti yake ilitetemeka, na nikaona kwamba hakuwa anabisha tu. Aliiogopa aibu hiyo kweli. Lakini ndama naye alikuwa anatetemeka.

"Sherehe ni ya mwanangu," nikasema, "na mwanangu hatapokea komunyo kwa furaha wakati mtoto mwenzake amefungwa nyuma ya jiko analilia chakula."

Mume wangu, ambaye katika vita vyote vya mimi na mama yake hukumbuka kazi, alikumbuka kwamba kuna tawi shambani linahitaji kukatwa. Akachukua panga akaenda.

Nilimwomba mama anipe sherehe hiyo moja. Nitaleta barafu zangu, deli zima, za watoto na za wakubwa. Watu watashiba wali na ndizi na nyama ya mbuzi, jambo ambalo pia tuligombania lakini nilishindwa, na mwisho watalamba kitu kitamu ambacho hawajawahi kukiona uani kwa mtu. Hakuna atakayekumbuka maziwa. Mama ni mwanamke anayependa kushindana, nadhani ndiyo sababu alinikubali niolewe na mwanawe.

"Haya," akasema. "Mgeni asipouliza maziwa, huyu ndama atanyonya mpaka amchoke mama yake, na mimi sitasema neno. Lakini akiuliza mmoja tu, mmoja, 'maziwa yako wapi,' maziwa nitakuwa nayo ndani tayali, nitayatoa, na huyu anakwenda mnadani. Na wewe mdomo wako utaufunga. Hata kule kwenye kibao."

Nikasema sawa. Nikaomba na moja la mwisho, kwamba mpaka siku hiyo ndama anyonye japo kidogo. Akakubali chuchu mbili, mbili za kwake na mbili za wageni.

Nilirudi Bisibo nikasaga karanga mpaka mabega yakagoma. Nilikuwa na hofu, sitaficha. Nilipanga niwaambie wageni ni barafu tu, basi. Kibandani nilikuwa nasimama mbele ya watu na kuwaeleza habari za ndama mpaka wananikimbia, lakini uani kwa mama mkwe wangu, mbele ya ukoo wake na wangu, nilijiapia kwamba nitanyamaza, watu walambe, ndama apone.

Siku ya sherehe misa ilikwisha, watoto wakatoka kanisani na nguo nyeupe, tukafika uani Nyabusozi. Wali ukaliwa, nyama ikaliwa, ndizi zikaliwa. Nyuma ya jiko ndama alikuwa amefungwa upya, kwa kuwa mama hakutaka azurure miguuni kwa wageni, na wimbo wa kwaya ukinyamaza kidogo nilimsikia. Nikafungua deli.

Sijawahi kuona uwanja ukitulia vile. Watoto walikaa chini na vikombe vyao kimya, kama wamerudishwa kanisani. Wakubwa walianza kwa kusita, wakiuliza kama haitawaumiza meno, wakamalizia kwa kukwangua vikombe. Shangazi mmoja wa mume wangu alinishika mkono akataka nimfundishe, akasema ya dukani ikimgusa tu tumbo humgeuka, hii imeteremka vizuri. Mama mkwe wangu alionja kwa ncha ya ulimi, akaonja tena.

"Laini," akasema. "Haihitaji meno." Akachukua kikombe cha pili akasema anamshikia mtu. Mtu huyo sikumwona.

Nilianza kupumua. Viti vilianza kusogezwa, kwaya ikaanza kukusanya ngoma. Ndipo baba yangu, mgeni wa heshima, aliyekalishwa kwenye kiti chenye mto, akafuta mdomo wake, akaangalia huku na huku kwa ukarimu wa mtu aliyeshiba, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Tumekula vizuri sana. Lakini mbona huku kwenye ng'ombe sijaona maziwa? Maziwa yako wapi?"

Baba yangu! Kati ya watu wote waliojaa uwanja ule, baba yangu aliyemshona ndama wa majani.

Mama mkwe alinyanyuka haraka kuliko miguu yake inavyomruhusu siku nyingine. Aliingia ndani akatoka na kibuyu cha maziwa amekipakata kwa mikono miwili, uso wake uking'aa. Nyuma ya jiko ndama alilia, na mimi nikaona mnada, nikaona kamba, nikaona kikombe changu cha utotoni mezani. Nikasimama. Nilikuwa nimeshashindwa, na aliyeshindwa anaogopa nini tena?

"Baba," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga, "maziwa umeshayala! Hayo uliyoyalamba na kukwangua kikombe ni maziwa. Maziwa ya karanga! Na hakuna aliyefungwa kamba ili uyapate!"

Nilijua nimefanya utovu wa adabu, kumpandishia baba sauti mbele za watu, na nikasimama pale kidevu juu nikingojea kukemewa. Lakini mama mkwe hakuwa ananitazama kwa hasira. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja na kibuyu chake, mdomo wazi.

"Umesema kalanga?"

"Nimesema karanga, mama."

"Ndani ya balafu kuna kalanga?"

"Tangu siku ya kwanza. Imeandikwa kwenye kibao."

"Mimi nasoma kibao?" Akakitua kibuyu chini polepole, kama mtu anayetua kaa la moto. "Mawe! Ni muziro."

Mawe ni kilio cha kumwita mama, na muziro ni mwiko. Wazee wa upande wake walikuwa wameshaanza kushika vichwa, wengine wanaviweka vikombe mbali nao. Kwetu Kibimba, kwa mwenye ng'ombe mmoja na migomba mingi, mwiko huo haukutufikia, au ulitufikia tukaula pamoja na karanga zenyewe. Basi mama akatueleza sisi tusiojua, akinyoosha kidole kwenye deli langu. Mtu aliyekula karanga hagusi maziwa siku hiyo. Akigusa, yeye hadhuriki kitu. Anayedhurika ni ng'ombe aliyeyatoa. Chuchu zake hupasuka, na maziwa hutoka na damu. Ndiyo maana tangu azaliwe hajawahi kupika karanga kwenye nyumba yenye ng'ombe.

Kumbe halikuwa suala la meno. Nilikuwa nimejiona mtu wa peke yangu, mwanamke mmoja na kibao chake anayewahurumia ng'ombe wa wilaya nzima, na kumbe ndani ya nyumba ambayo nilidhani haina huruma, mtu alikuwa amejinyima karanga maisha yake yote ili chuchu za ng'ombe zisipasuke. Mimi siamini kwamba karanga inapasua chuchu. Lakini siku hiyo sikubisha. Kwa mara ya kwanza uani kwa mama mkwe wangu, nilinyamaza.

Baba yangu hakunyamaza. Akacheka kidogo, akasema mambo ya zamani hayo, yeye ni Mkristo, apewe tu kikombe kimoja.

"Mzazi mwenzangu," mama akamwambia kwa heshima yote, na kibuyu akakivuta karibu na miguu yake, "nakuheshimu. Lakini chuchu zitakazopasuka ni za ng'ombe wangu, si za kwako."

Baba akamtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama kikombe chake kilichokwanguliwa. "Mkataa Baraka," akasema, "leo umenifunga kamba na mimi." Watu wakacheka, na nikamwona naye anacheka, lakini macho hakuyaondoa kwangu upesi. Hatujawahi kuzungumza habari za ndama wa majani, mimi na yeye. Nadhani hapo tulizungumza.

Mama mkwe alikuwa bado ana tatizo. Kibuyu kimejaa, wageni wameketi, na kumwaga maziwa ni mwiko mwingine. "Nani hapa hajala balafu?" akauliza. Alizungusha macho. Watoto walikuwa na ndizi mpaka mashavuni. Kwaya yote ilikuwa na vijiti mikononi. Mwanawe, mume wangu, aliyekuwa amerudi kutoka kwenye kila kazi, alikuwa na weupe kwenye masharubu. Na yeye mwenyewe, mama, alikuwa amekula viwili, pamoja na cha yule mtu asiyeonekana.

"Ndama, bibi," akasema binti yangu, amesimama na gauni lake jeupe. "Ndama hajala."

Hakuna aliyecheka mwanzoni, kwa sababu mama hakucheka. Alimtazama mjukuu wake aliyepokea komunyo asubuhi hiyo. Kisha akakichukua kibuyu, akapita katikati ya viti mpaka nyuma ya jiko, nami nikamfuata. Alimimina maziwa kwenye beseni na kumsogezea ndama. Ndama alinusa, akapiga chafya, akageuza kichwa upande wa zizi. Hakutaka beseni. Mama akahangaika na fundo. Lilikuwa limekaza kwa mate. Nikamsaidia. Kamba ilipotoka, ndama alisimama kidogo kama hajaamini, kisha akaondoka mbio, akaingia zizini, akaligonga tumbo la mama yake kwa kichwa, mkia ukicheza. Ng'ombe akatoa ile sauti ya chini. Nilikuwa sijaisikia tangu Kibimba.

"Usifikili umeshinda," mama akasema, bila kunitazama. "Mgeni aliuliza."

"Najua, mama."

"Leo ni muziro. Kesho ni kesho."

Nilijua maana yake. Karanga ikishatoka mwilini, mwiko umekwisha, na ahadi ni ahadi. Wageni waliondoka. Mimi nikabaki kulala ili kuosha masufuria, lakini ukweli ni kwamba nilitaka niwepo asubuhi, maana kila asubuhi hupita pale mchuuzi wa maziwa na baiskeli yake, na ndiye huyo huyo anayepeleka habari za ndama wa kuuzwa kwa watu wa mnadani. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nikishindwa kwa maneno nitalala mlangoni kwa zizi, wanivuke.

Asubuhi nilitoka nje nikamkuta mama mkwe amekaa kizingitini, miguu kaiweka juani. Deli langu lilikuwa pembeni yake, wazi. Barafu iliyobaki ilikuwa imeyeyuka na kuwa uji mtamu, naye alikuwa na bakuli mkononi anakunywa taratibu. Zizini hakukuwa na kamba, na ndama alikuwa ananyonya. Nikafungua mdomo. Akaniinulia kidole ninyamaze.

Baiskeli ilisikika, madumu yakigongana. Mchuuzi akashuka akaiegesha.

"Shikamoo bibi. Nipe dumu, niwahi."

"Malahaba. Leo hakuna. Nyumba hii imekula kalanga."

Yule kijana alijua mwiko, ni wa huko huko. Lakini ni mfanyabiashara. "Bibi, nyinyi mmekula," akasema. "Mimi sijala, na wateja wangu hawajala. Muziro hautuhusu."

Mama alifikiri. Akatumbukiza kikombe kwenye deli, akakijaza, akampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni, na kijana, kwa adabu, akavua kofia, akapokea, akanywa chote.

"Tamu, bibi! Ni kitu gani hiki?"

"Kalanga," mama akasema. "Sasa na wewe umekula. Pita kesho, nikupe kingine."